Mkono Ukishaachia

Mkono ukishamwachia askari, askari harudishwi: hiyo ndiyo kanuni aliyoishika fundi vinyago wetu. Kila Jumamosi, watu sita tulipigana upya vita vya Waterloo mezani, hapa mtaani kwetu Madale, naye fundi aliwaongoza Wafaransa wadogo aliowachonga kwa mpingo. Alimpuliza kila mmoja vumbi, akamsogeza polepole kama anayehamisha mtoto aliyelala. Feni ilitembeza pamba tuliyoiita moshi wa mizinga. Jumamosi ya tano, akiutazama moshi huo kama yumo ndotoni, aliwaweka wapanda farasi wake mbele ya mizinga yetu, akaachia. Mwenzake Gervas akanong'ona, "Rudisha, fundi, hawajaona." "Mie nimeona," akajibu, mikono mgongoni. Jibu hilo liliwanyima ushindi, na Gervas hajacheza naye tena.