Mafuta Katika Damu ya Mama

Mamangu alikuwa na vinundu juu ya vifundo vya vidole, vigumu, vyenye umanjano kidogo ngozi ikivutika. Utotoni, akinipakata barazani, nilikuwa nikivisukuma huku na huku kwa kidole, navyo haviendi kokote. Akinipa kitumbua alikimega kwa vidole hivyo hivyo. Alimega kila kitu: muhogo, chapati, hata kaimati, ambayo haina ukubwa wa kumegwa. "Haya, nusu yako hii," angesema, na nusu yangu daima ilikuwa kubwa kuliko yake. Nilidhani mama wote wana vinundu.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Bendera mbele ya ofisi ya serikali ilikuwa haijapauka kwa jua, na sisi vijana tuliomaliza shule tulikuwa tukitafutwa na kazi, si sisi kuitafuta. Nikiwasimulia hayo wajukuu zangu huniona mwongo. Nilichukuliwa kwenye zahanati moja isiyokuwa mbali na Msambweni, nikafundishwa kutoa damu, kuipima na kuosha vichupa. Nilipewa koti jeupe lililonipwaya. Mama alilipiga pasi ya makaa kila jioni kana kwamba ni kanzu ya Idi, na akanikataza kupitia njia ya vumbi.

Basi akaja daktari mgeni, Mzungu mrefu, na gari lililojaa vitu: mashine ya kuzungushia damu, jenereta, friji ya mafuta ya taa. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha kuamrishia bawabu, kwa hiyo nikafanywa mkalimani wake. Alikuwa akichunguza mafuta yaliyomo ndani ya damu. Kwao, alisema, wanaume wenye nguvu zao walikuwa wakianguka na kufa kwa moyo, na alitaka kujua mambo yalivyo kwetu sisi tunaopika kila kitu kwa tui, na kwa watu wa Kinango na Samburu wanaoishi kwa maziwa ya mifugo yao.

Alinieleza kwa subira ambayo mpaka leo namshukuru. Mafuta hayachanganyiki na maji, na sehemu kubwa ya damu ni maji. Kwa hiyo mwili huyafunga mafuta katika vifurushi vidogo mno, pamoja na protini, ndipo yaweze kusafiri. Vifurushi hivyo vinaitwa lipoprotini. Mimi niliviwaza kama mahamali wa kule feri ya Likoni, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Wako wanaofikisha mzigo, na wako ambao wakizidi idadi huuangusha njiani, kwenye kuta za mishipa, mpaka njia inakuwa nyembamba na moyo unakosa damu.

Shida ilikuwa ni watu wenyewe. Mara tu habari ilipoenea kwamba damu inatolewa na kuwekwa kwenye friji, ikasemwa kwamba mimi nimeajiriwa na mumiani, wale wanaosemekana kunyonya damu za watu wakazigeuza dawa. Wanawake waliokuwa wakiniita mwanangu wakawa wanavuka upande wa pili wa njia. Mama alilisikia hilo kisimani. Asubuhi yake alikuja zahanati na buibui lake jipya, akapita mbele ya watu wote, akakaa kitini, akakunja mkono.

"Nitoe," akasema kwa sauti ya kusikiwa mpaka nje. "Mwanangu akinila, si ni haki yake?"

Watu wakacheka, na mumiani akaishia hapo. Hata hivyo likabaki jambo jingine. Daktari alitaka damu ya mtu ambaye hajala chochote tangu jioni, kwa sababu mafuta ya chakula hupita kwenye damu kwa saa kadhaa na kuvuruga hesabu. Wenyeji wetu walikubali kudungwa sindano, ila kukosa chai ya asubuhi na mahamri, hilo hawakuliafiki. Mzee mmoja aliapa kwamba hajatia kitu kinywani, na makombo yako ndevuni. Ndipo daktari aliposikia kwamba mwezi wa Ramadhani unakaribia, na nchi nzima hii itashinda bila kula. Alifurahi kama mtoto. Akaahirisha kila kitu hadi mwezi uandame.

Mwalimu wa madrasa aliulizwa, akasema kutolewa damu hakubatilishi funga. Asubuhi ya kwanza watu walijaa, mama akiwa wa kwanza tena. Tukatoa damu, tukaizungusha. Kwa kawaida maji ya damu yakijitenga huwa na rangi ya samli iliyoyeyuka, na unaona upande wa pili. Siku ile yalitoka meupe. Kichupa baada ya kichupa, meupe kama tui la pili. Daktari akaikagua mashine, akaniamuru nioshe vichupa upya, akatoa tena, yakawa meupe. Uso ukambadilika. Akaninong'oneza kwamba huenda amekuta ugonjwa wa kurithi ambao umeshika watu wa pwani wote. Mimi naye tukatazamana kwa huzuni, tumbo langu limejaa wali.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa adabu tu, maana mgeni ni mgeni: "Mwanangu, hebu muulize daktari, daku alikula nini? Asije akawa analala na njaa peke yake huko."

Nikafasiri. Daktari akauliza daku ni nini. Mama akamweleza, nami nafasiri: chakula cha mwisho kabla ya alfajiri, ili mtu aweze kushinda. Leo yeye alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na chai ya maziwa juu yake. Daktari aliweka kalamu mezani. Kisha akacheka, akacheka hata akalazimika kuvua miwani, na mama akacheka naye bila kujua kinachochekesha. Jioni yake alimpelekea mgeni sahani iliyofunikwa kawa.

Tangu siku hiyo tukawa tunatoa damu jioni, kabla ya adhana ya magharibi, tui la daku likiwa limekwisha kupita damuni. Ee Mola, jioni zile! Joto la kaskazi limevunjika, watu wamekaa barazani mwa zahanati wakiwa na midomo mikavu na utani mwingi, na kutoka kila nyumba harufu ya nazi inayochemka. Niliwadunga mmoja mmoja kwa haraka, huku nikisikiliza msikitini. Adhana ikilia mama alifunua sinia lake: muhogo wa nazi, mbaazi, kaimati. Kila aliyetoa damu alianza na tende mkononi mwa mama. Kisha angekuja niliposimama na vichupa vyangu, akamega kaimati, akanitia nusu mdomoni kwa sababu mikono yangu ilikuwa kazini. Nimekula kwingi tangu hapo, Mombasa na ng'ambo pia. Natamani jioni moja tu ya zile, hata kama nitakuwa na njaa ya siku nzima.

Maji ya damu sasa yalitoka safi, ya watu wote, na ya mama pia. Kazi ya pili ilikuwa kuyadondosha kwenye vipande vya karatasi, kuyapitishia umeme, na kuichovya karatasi katika rangi. Vifurushi vya mafuta vikajitokeza kama mistari, kila aina mahali pake. Karatasi za majirani zetu zilikuwa na mistari myembamba, mizuri, na daktari aliridhika. Karatasi ya mama ilikuwa na mstari mmoja mpana, mweusi, uliofunika nusu ya nafasi. Nilitaka kuamini kwamba nimedondosha vibaya. Nikairudia, ukatoka ule ule.

Jioni iliyofuata daktari aliomba kumwona mama. Akamwamkia, "Shikamoo, mama," vile nilivyomfundisha, akamshika vidole. Akavipitishia kidole gumba chake vile vinundu vyangu vya utotoni. Akamtazama macho, ambayo yalikuwa na duara jeupe kuzunguka mboni, duara ambalo sisi tulidhani ni uzee tu. Akaniambia nimuulize kuhusu ndugu zake.

"Wote wawili walianguka," mama akajibu. "Mmoja shambani, mmoja mlangoni mwa msikiti. Walikuwa vijana. Watu walisema ni husuda."

"Na wewe, kifua?"

Mama akanitazama mimi badala ya daktari. "Kinabana nikipandisha kilima na maji. Sikutaka kumtia mtoto hofu."

Yalikuwa ni mafuta, yaliyojaa kwenye damu hadi yakatafuta pa kukaa: vidoleni, machoni, kwenye mishipa ya moyo. Alizaliwa nayo. Daktari alisema, akiangalia chini, kwamba hana dawa ya kumpa. Ajaribu kuacha nazi, samli na kiini cha yai. Nami nikayafasiri hayo yote kwa mamangu, neno kwa neno, kwa sauti ya kikazi, koti langu limepigwa pasi na yeye.

"Nazi?" akasema. "Basi nile nini, mwanangu? Majani, kama mbuzi?"

Lakini aliacha. Aliacha kwa ajili yangu, maana aliniona siku ile nilivyogeuza uso. Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na vyungu viwili. Changu kina tui, chake kina mchicha wa maji na chumvi. Alinikunia nazi, akanichujia, akanipikia, bila kuonja hata ncha ya mwiko. Kitu kimoja tu kilikatika: hakuweza tena kunimegea nusu yake, wala mimi kumpa nusu yangu. Tulikaa mkeka mmoja tukila kama wageni waliokutana safarini.

Idi moja alipakua wali wa nazi kwenye sinia, akaketi, akauliza kama mtoto anayeomba ruhusa: "Leo tu, nile na wewe?"

Nikamwambia, "Kula, mama." Tukala sinia moja, mkono wake na wangu. Alinichambulia samaki, akanisukumia fungu kubwa. Hakuifikia Idi nyingine. Alianguka kwenye kile kile kilima cha kisimani, ndoo kando yake, na nilipofika vidole vyake vilikuwa bado vina joto.

Mimi sasa ni mzee kuliko alivyokuwa yeye. Vinundu vilinitokea kabla sijatimia miaka arobaini, mahali pale pale. Daktari wangu wa Ukunda, binti mdogo mwenye haraka, aliniambia hivi karibuni kwamba kwa damu kama yetu kuacha nazi pekee kusingemwokoa. Alilisema kama habari ya kawaida. Nilitoka nikasimama Kona ya Musa katikati ya makelele ya magari, nikilia kwa ajili ya mchicha wa maji.

Dawa ipo siku hizi. Ni kidonge kidogo cheupe, nakinywa kila siku baada ya isha, na moyo wangu unaendelea kupiga. Kina mstari katikati, wa kukatia. Kila nikikitia kiganjani naupitishia kucha mstari ule, na kila mara moyo wangu unasema jambo lile lile: haya, mama, nusu yako hii.