Siku Mama Alipokataa Nikandwe

Harufu ya majani yanayooza ndani ya udongo ndiyo ilikuwa harufu ya mwisho wa mvua kijijini kwetu, karibu na Laela. Watu wazima walikuwa wakikusanya majani na kuyafukia kwa jembe, mpaka shamba zima linajaa matuta ya duara, ukiyaona kwa mbali utadhani vyungu vilivyofudikizwa. Humo ndimo ilimoivia mbolea ya ulezi wa mwaka unaofuata, nasi watoto tulikatazwa kabisa kuyakanyaga. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu, Salome, alinitambia kwamba siwezi kuruka tuta hadi tuta bila kugusa chini. Niliruka matano. La sita likatitia, mguu ukapinda ndani yake, nikasikia "ko!" kama kijiti kikavu.

Nilimsihi Salome asiseme. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua: hata jua halijazama, kifundo kilikuwa kimevimba, ngozi imegeuka zambarau, nami naingia jikoni kwa kutambaa. "Ameteguka tu," alisema bibi, mama yake baba, akateleka maji ya chumvi. Alikwisha kukanda miguu ya nusu ya kijiji, na neno lake pale nyumbani halikuwa na mpinzani. Baba akanishika mabega nisirushe mateke.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Sikuwahi kumsikia akimpinga mkwewe, hata kuhusu chumvi ya mboga. Alipiga magoti, akabonyeza kwa kidole gumba ule mfupa unaotokeza upande wa nje wa kifundo. Nikapiga yowe. Akaniambia nisimame, nijaribu hatua nne. Hata moja sikuimaliza. Akagusa vidole vya mguu kuona kama bado vina joto, kisha akainua macho kumtazama bibi.

"Mama, naomba asikandwe. Huu umevunjika."

"Umeyajulia wapi hayo?" bibi akauliza.

"Kwa kaka yangu. Walimvuta, wakamkanda. Mpaka leo anachechemea."

Baba alimtazama mama yake, kisha mkewe. Mama hakungoja. Alikunja blanketi, akauzungushia mguu vilevile ulivyokaa bila kuunyoosha, akafunga kwa vipande vya khanga juu na chini ya kifundo, akauegemeza kwenye gunia la mahindi. Kulipokucha baba alinipakia kwenye baiskeli, akaisukuma hadi barabarani, tukapanda basi la Sumbawanga. Eksirei ilionyesha mfupa umepasuka. Daktari akanifunga hogo, ile bandeji ya chokaa inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, nikakaa nalo wiki sita. Alisema ungekandwa, vipande vingehama. Baba aliyarudia maneno hayo nyumbani taratibu, macho chini. Bibi alitununia siku mbili, mimi na mama. Siku ya tatu aliniletea uji wa ulezi kitandani, akamwita mama amwonyeshe mahali pa kubonyeza.

Sasa naishi Mazwi, mjini Sumbawanga. Mwaka jana mtoto wa jirani alianguka na baiskeli, watu wakamzunguka, mmoja ameshika kisigino tayari kuvuta. Nikapaza sauti, "Mwacheni!" Wakamwacha. Bajaji ilifika kabla hatujamaliza kumfunga, na njia ya hospitali ni lami tupu. Majirani wakaniita jasiri. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima, mtaani kwangu. Mama alikuwa na miaka ishirini na saba, jikoni kwa mkwewe, na baada ya kusema alitakiwa kuendelea kuishi humo.