Msimbo Alioufunika Eveline

Watu wa mtaani kwetu hapa Iringa wakitaka kutumiwa pesa kutoka nje huja steshenari kwangu niwachapie taarifa zao za benki. Nimezoea. Ila Eveline ananichoma. Binti yake Marta ana mwaka wa pili tu Ujerumani, lakini kila mnada wa kanisani baada ya ibada, yeye ndiye hununua jogoo kwa bei ya mbuzi, huku akinitazama.

Jana alikuja na karatasi yenye msimbo wa swifti, zile herufi nane za kuitambulisha benki. Akaufunika kwa kiganja. Mimi nikauchapa bila kuutazama.

"Mama Kalinga! Umeujuaje?" akashtuka. "Ufute kwenye kompyuta, nisije nikaibiwa!"

"Siyo wako huu!" nilimkaripia. "Ni wa benki, kila mwenye akaunti pale anautumia. Hata mimi. Kalinga wangu ana mwaka wa tano hukohuko Ujerumani, na nilimtumia msimbo huuhuu wiki aliyofika."

Eveline akaondoa kiganja taratibu. Sauti yake ikawa ya upole, na upole huo ndio ulioniua.

"Labda aliupoteza, jamani. Nimwambie Marta ampe wa kwangu?"