Maji Yanarudi!

Katika mtaa wa Pipeline, maji ya mfereji yalikuja yalipotaka yenyewe. Mtu alipopaza sauti, "Maji yanarudi!" Nthoki alifika mferejini kabla majirani hawajavaa ndala. Mtungi wake wa plastiki ulikuwa hauvuji hata tone, na wenzake walimtania kwamba siku ya kiama atafufuka nao mkononi.

Krismasi ya mwaka 1996, yeye na mumewe Makau, dereva wa lori, walikwenda, mtungi ukiwemo, kukaa Kilifi kwa Ndunge, dada yake Makau, aliyeolewa na mchonga vinyago. Nyumba ilitazama bahari. Asubuhi moja walikuta maji yamekupwa, miamba imebaki wazi.

"Kumbe hata huku maji hukatwa!" Makau alicheka. Akavua viatu, akavishika mkononi, akaenda miambani kuokota makombe.

"Wifi, kaka alijifunza kuogelea?" Ndunge aliuliza.

"Kuogelea? Hata kuoga ni vita!"

Wakacheka. Nthoki akaketi kizingitini kuchambua mchele, na Makau akazidi kwenda mbali. Punde Ndunge alichungulia dirishani, akapiga kelele: "Wifi! Maji yanarudi!"

Mazoea yana taabu. Nthoki aliruka, mchele ukamwagika, akanyakua mtungi na kukimbilia mfereji wa uani.

"Unateka maji ya nini? Mumeo!"

Nthoki aligeuka. Ule mchanga aliopitia Makau ulikuwa umekwisha kumezwa. Makau amesimama juu ya mwamba, maji magotini, viatu kichwani, anaita.

Nthoki alimwaga maji, akakaza kifuniko. Ndunge alifungua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga kwenye mkono wa mtungi na kushika ncha ya pili. Nthoki akaingia baharini. Maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani. Akausukuma mtungi, wimbi likaurudisha. Akausukuma tena.

"Ushike!"

"Na viatu?"

"Viachie!"

"Ni vya Krismasi!"

"Makau, viachie, ama nikuachie wewe!"

Viatu vikaenda na maji. Makau akaukumbatia mtungi kama mtoto, na wale wanawake wawili wakamvuta hadi mchangani, akitapika chumvi.

Siku hizi, sauti ile ikipazwa Pipeline, majirani humtangulia Nthoki mferejini. Yeye husimama kwanza mlangoni, mtungi mkononi, akauliza, "Makau yuko wapi?"