Wawili kwa Nauli ya Mmoja

Batuli Shee alipewa kitambulisho cha taifa tarehe 3 Juni 2004, akiwa na miaka ishirini na mitano. Wenzake wa darasani, Wagiriama, walikipata walipotimiza kumi na minane. Yeye ni Mbajuni wa Shela, Malindi, na Mbajuni akiomba kitambulisho huulizwa kwanza babu yake kazikwa kisiwa gani. Binti yake Hadiya naye ameulizwa vivyo hivyo, akarudi mikono mitupu. Ndiyo maana kabla ya uchaguzi wa mwaka huu Wabajuni wa mtaa walitaka mtu wao katika bunge la kaunti, kwenye kiti cha kuteuliwa cha jamii ndogo. Wakamtaja ami yake Batuli, Mzee Aboud, nahodha mstaafu.

Masha, katibu wa chama, alimkuta Batuli kwenye karai lake la samaki.

"Mama Hadiya, mwambie ami yako apumzike. Wewe ni mwanamke, tena Mbajuni. Kwako tunapata wawili kwa nauli ya mmoja."

"Na nikikosa kote kuwili?"

"Utakosaje na milango miwili iko wazi?"

Batuli akaenda kumwomba ami yake. Mzee alitafuna tambuu kwanza. "Haya. Ila ukishakaa huko, usije ukaniamkia kwa kipaza sauti." Akajitoa.

Orodha ilipotoka, jina la Batuli halikuwamo. Kiti cha mwanamke alipewa Caroline. Cha jamii ndogo alipewa Dedan, aliyeingia kwa ujana wake, maana vijana nao huhesabiwa kwenye kiti hicho. Wote wawili ni wa kabila kubwa. Batuli akamfuata Masha.

"Kwenye kiti cha wanawake, wakubwa walisema wewe una kiti chako cha wachache," alijibu Masha, macho kwenye simu. "Na kwa wachache majina hupishana, mwanamke kisha mwanamume. Zamu ilikuwa ya mwanamume."

"Ami yangu ni mwanamume."

"Ami yako alijitoa, mama. Na aliyemtoa ni wewe."

Barazani kwa Mzee Aboud hapakuwa na ugomvi.

"Mshika mawili moja humponyoka," alisema.

"Sikushika, ami. Nilishikwa."

Akamsogezea kikombe cha kahawa. Batuli alikiacha kikapoa.

Jumanne Caroline na Dedan wataapishwa. Jumatano Hadiya anarudi ofisi ya vitambulisho kuulizwa kaburi la babu yake, na atakayefuatana naye ni Mzee Aboud.