Mashine ya Vyombo na Koki ya Mama

Jirani alikuja nyumbani kwangu Madale kuuliza kama na kwetu maji yamekatika. Akamkuta mama yangu ameketi karoni nyuma ya nyumba, khanga kaifunga kiunoni, anasugua masufuria. Alimwamkia vizuri tu, kisha akamuuliza, "Bibi, bosi wako yupo?" Mama akamjibu, "Yupo, kalala," akaendelea kusugua.

Jioni mama alinihadithia mwenyewe, anacheka mpaka anajifuta machozi. Mimi sikucheka. Niliona kama nimevuliwa nguo mbele ya mtaa mzima. Mimi, mtoto wake wa pekee wa kike, nimemtoa Temeke kwenye nyumba aliyotulelea, nimemwahidi kwamba kwangu atapumzika, halafu watu wanamdhani dada wa kazi. Nililala nimemkasirikia jirani, nikaamka nimemkasirikia mama.

"Lakini kwa nini ukaoshee nje, mama? Sinki si lipo jikoni?"

"Sinki lenu hilo la vikombe," alisema. "Sufuria la wali utalitia wapi?"

Alikuwa anasema kweli. Jiko langu ni dogo kiasi kwamba ukifungua friji, kabati halifunguki. Ila mama hakuwa anafuata nafasi peke yake kule nje. Vyombo vya usiku aliviloweka, akishasali alfajiri anatoka navyo. Masufuria kwa makumbi ya nazi na majivu, glasi kwa sabuni, mwisho vyote vinafudikizwa juu ya chanja. Huku mikono inafanya kazi, alikuwa anapiga soga na mwanamke wa nyuma ya ukuta. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini mama alijua mpaka goti lipi linamuuma. Mimi sikuyaona hayo. Niliona mgongo uliopinda, na nilisikia watakavyosema watu.

Basi mimi na mume wangu tukanunua mashine ya kuoshea vyombo, ya mtumba kutoka Dubai, nyeupe, ina mkwaruzo ubavuni. Fundi bomba alikuja Jumamosi. Akapima chini ya meza ya jikoni, akang'oa kabati moja, na mashine ikaingia kwa kusukumwa na goti. Tatizo likaja kwenye maji. Bomba la jikoni lilikuwa linachuruzika tu, na mashine inataka presha. Bomba lenye nguvu lilikuwa lile la koki ya nje, pale karoni.

"Sista, hapa dawa ni kuikata ile koki," fundi alisema. "Tunatoboa ukuta, bomba linaingia moja kwa moja kwenye mashine. Na maji machafu tunayatolea hapo hapo karoni. Ila yanatoka ya moto, mtu asije akakaa pale."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, anasikiliza. Nilimwangalia, akaangalia pembeni. Nikamwambia fundi, "Kata." Na nitasema ukweli wangu: drili ilipoanza kupiga kelele nilifurahi, nikiomba jirani awe ndani kwake anasikia.

"Bi mkubwa, kazi zako zimekwisha," fundi alimwambia mama huku anakusanya vifaa. "Sasa hivi ni kula na kulala."

"Kula na kulala," mama alirudia. "Haya. Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki."

Sikutosheka. Nilimwita jirani aje aione mashine ikifanya kazi. Akaisifu sana, akamwambia mama, "Umepata mtoto, bibi." Mama akaitikia kwamba kweli amepata.

Baada ya hapo mama alipumzika, kwa namna iliyonitia wasiwasi. Akiamka anaoga, anavaa dira la kutokea, anakaa sebuleni kwenye ukingo wa kochi. Chakula anabakiza kidogo kwenye sahani, anasema ameshiba, ahsante. Maisha yangu yote mama hajawahi kunishukuru kwa chakula. Kazi yake ilikuwa kuniambia chumvi imezidi. Asubuhi moja nilimsikia yule mwanamke wa nyuma ya ukuta akiita, "Bibi, mbona siku hizi kimya?" Nikafunga dirisha.

Kisha kaka yangu wa Chanika akapiga simu, nami nikiwa chumbani nikamsikia mama akimwambia, "Nipo hapa kwao, wananitunza vizuri sana. Nikipata nafasi nitakuja nikae kwako kidogo." Neno hilo la *kwao* lilinichoma. Nilitoka nikamwambia nitamrudisha fundi, aje aiweke ile koki palepale ilipokuwa.

"Ya nini?" alisema kwa upole. "Msijiharibie ukuta kwa ajili yangu."

Upole huo ndio ulionimaliza. Angenifokea ningepata pa kushika. Mama akiwa na hasira na mtu wake humfokea. Wageni na watu baki ndio huwa anawasemesha taratibu hivyo.

Jumapili nilikuwa jikoni napanga sahani ndani ya mashine. Mlango ulikuwa wazi. Mama akaja, akasimama kizingitini.

"Hodi," alisema.

Nilimtazama usoni nikitafuta utani, maana utani anao. Sikuuona.

"Karibu," nikajibu. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea, na niliposikia neno hilo limetoka kwangu kwenda kwa mama yangu, tena mlangoni kwa jiko, uso ukaniwaka kwa aibu. Nilitamani nimwambie arudi nyuma, aingie tena bila kuita.

Mama akavua kandambili zake, akaziweka vizuri pembeni ya mlango, akaingia pekupeku.

"Naomba maji ya kunywa, mwanangu," alisema, "kama sikusumbui."