Taa Nyekundu ya Mzee wa Mabasi

Jamani, sikieni haya. Jumamosi nilikuwa gereji moja hapa Sumbawanga, nikimtazama mzee mwenye mabasi akimlalamikia fundi umeme kuhusu gari lake la zamani la mashindano, la milango miwili, analolifuta vumbi kwa kanzu yake mwenyewe. Betri haipati chaji. Kaweka mpya, kabadilisha hata altaneta inayoichaji, wapi!

Fundi akapima nyaya, kisha akachungulia dashibodi.

“Mzee, balbu ya taa ya chaji iko wapi?”

“Niliing’oa. Ilikuwa inaniwakia machoni.”

“Ee Mungu wangu! Magari haya ya zamani, umeme wa kuamsha altaneta unapitia kwenye hiyo balbu!”

Akaweka nyingine, akawasha. Taa ikawaka, injini iliponguruma ikazimika, betri ikaanza kupokea chaji.

Mzee akacheka, akapiga paja. “Mazoea, mwanangu. Hata kwenye mabasi yangu taa nyekundu zote za dashibodi nimeng’oa, ya breki nayo. Abiria wakiziona wanapiga kelele.”

Tunamziba mdomo anayetuonya, halafu tunasema safari njema.

Mfukoni nilikuwa na tiketi ya basi lake la Kasanga, na mteremko ule wa kushukia ziwani mnaujua. Nikamwomba fundi balbu moja zaidi, ya basi.